Mkopo Aliupata Mke Wangu, Mimi Nikabaki na Mikorosho

Admin, pole na majukumu. Jina langu lisionekane tafadhali, maana humu nina wakwe na watu niliosoma nao. Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na saba, Mmakua wa Masasi, pande za Lulindi. Nina mke na mtoto mmoja wa kike, ana miaka minne. Mtoto nitamwita Nuru, na mke wangu Mama Nuru, ingawa sio majina yao.

Mama Nuru kwao ni Kitangari, kule Newala. Tulikutana tukiwa kidato cha tano, yeye anasoma sayansi, mimi uchumi. Matokeo ya kidato cha sita yalipotoka nilimzidi, tena kwa mbali. Baadaye mimba ikaingia, tukafunga ndoa, tukatulia kwanza tulee. Nuru alipoacha ziwa, tukaomba chuo wote wawili, na mkopo wote wawili. Tulijaza siku moja, stesheneri moja pale Masasi mjini, tumekaa benchi moja. Tukakubaliana kwamba atakayepata mkopo atangulie, mwenzake abaki na mtoto na ajaribu tena mwaka unaofuata. Mimi nilikubali haraka kwa sababu nilijua nitapata mimi.

Akapata yeye, ada, chakula, malazi, kila kitu. Mimi sikupata hata nusu. Wanaoyajua mambo hayo wakaniambia siku hizi wanaangalia sana kozi. Mwenzangu aliomba ualimu wa sayansi, mimi biashara. Halafu yeye baba yake alishafariki, mimi wazazi wangu wote wapo hai. Nikakata rufaa, haikusaidia. Mwaka uliofuata nikaomba tena, nikakosa tena. Ndugu zangu, mimi nilifika mahali pa kumwonea mtu wivu kwa kuwa amefiwa na baba yake. Wakati mwingine nikimwangalia mzee wangu anakunywa chai barazani, najishtukia nawaza mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Sasa yeye yuko Dodoma, amemaliza mwaka wa pili. Mimi nasuka nywele za mtoto, vibaya, halafu naenda shambani. Msimu uliopita dawa ya kupulizia mikorosho ilinishinda kununua, yeye akakata bumu lake, ile posho ya mkopo, akanitumia. Nilipulizia, mikorosho ikazaa vizuri, lakini kila nilipoingia shamba lile nilijisikia kibarua wa mke wangu. Vijana wenzangu wakajua. Nikipita wananiita, "Mnufaika! Bumu limeingia?" Nacheka nao, nikifika nyumbani sili.

Na wivu ule mwingine nao ninao, nisiwadanganye. Akiweka picha yuko na kundi la wanafunzi wenzake wameshika makabrasha, mimi natafuta kwanza wanaume wako wangapi na nani amesimama karibu naye. Sijawahi kumkuta na kosa. Simu anapokea, na akiwa darasani ananipigia akitoka. Ila mara nyingine nikikuza ile picha nagundua simwangalii mwanaume yeyote. Naangalia ukumbi ule, viti vile, nawaza kiti changu kingekuwa kipi.

Mwezi wa saba alikuja likizo. Nuru alipomwona hakumkimbilia. Alijificha nyuma ya miguu yangu, akatoa mkono mmoja, akasema, "Shikamoo," kama anavyomwamkia mgeni. Mama Nuru akaitikia marahaba huku sauti inakatika. Mimi moyoni nikafurahi. Nilifurahi kabisa, na mke wangu aliniona usoni.

Baada ya siku chache tulikuwa jikoni tunamenya mihogo, akaniambia, "Baba Nuru, dirisha la mkopo bado liko wazi. Nimekuulizia. Ukibadilisha kozi ukaomba ualimu wa hesabu, unaweza kupata. Hesabu unaziweza kuliko mimi."

Nikamwambia, "Yaani sasa wewe ndiye wa kunichagulia kozi?"

"Sijakuchagulia. Nimekuulizia."

Hapo nikatamka ambalo lilikuwa limenikaa kooni muda mrefu. Nilimwambia aahirishe mwaka, abaki nyumbani, mtoto amemsahau mama yake. Aliweka kisu chini. "Nimebakiza mwaka mmoja, Baba Nuru. Mmoja tu. Na mkopo wenyewe nikirudi sijui nitaukuta." Nikasema mtoto kwanza. Akaniuliza, "Ungepata wewe, mimi ningekuomba uache?"

Nikauacha muhogo niliokuwa namenya. Nikatoka nje.

Mama yangu yuko upande wangu. Anasema mwanamke akikutangulia kupata shahada, heshima ndani ya nyumba imekwisha. Mkwe wangu wa Kitangari yeye amesema mjukuu apelekwe kwake, atamlea mwaka huo mmoja, ili hata mimi nikipata chuo niende. Nilipoisikia hiyo nikakasirika zaidi, maana inaniondolea sababu.

Juzi Mama Nuru akaniambia kwa upole, wala hakugomba, "Nitaahirisha. Lakini uniambie mbele ya mama yako na mama yangu. Useme unataka nibaki, na useme kwa nini. Sababu yoyote utakayoisema pale, nitaikubali, sitabisha."

Mkwe wangu anakuja Jumapili baada ya ibada. Dirisha la mkopo halijafungwa na mimi sijaomba. Tangu juzi natafuta sababu ya kusema mbele ya wale kina mama wawili. Kila ninayoishika nikiigeuza, chini yake nakuta ni wivu tu. Na mke wangu nampenda, ndiyo maana najua kwamba nikidanganya atakubali kweli.

Ndugu zangu, hasa nyie wanaume mliotanguliwa na wake zenu, msinitukane. Nishaurini. Jumapili nikiulizwa kwa nini, nijibu nini?