Chipu Mbili za Aina Moja

Nimechoka kutengeneza vitu vya watu, na uchovu wenyewe naujua ulikoanzia: kwenye duara moja la dhahabu huko Geita. Duara ni shimo la wachimbaji. Lile lilikuwa la mama mmoja aliyeachiwa na marehemu mumewe, na lilikuwa na tabia ya kujaa maji.

Nilimfungia bodi mbili: moja chini inapima kina cha maji, nyingine juu ina kioo kinachoonyesha namba. Waya kati yao ulikuwa mrefu, hivyo niliweka chipu inayopokea ujumbe uliofifia na kuupeleka mbele ukiwa na nguvu mpya. Bado namba ikawa inarukaruka. Mama akanipigia simu. Nikapanda basi kutoka Shinyanga mgongo ukiniuma, mfukoni nina chipu ya pili, aina ileile. Nilishaijaribu peke yake mezani kwangu nyumbani Ibadakuli, ikafanya kazi. Moja ikisaidia, mbili zitasaidia zaidi. Ndivyo nilivyofikiri, fundi mzima.

Jioni nilikata waya katikati, nikaichomelea hapo ile chipu ya pili. Asubuhi nikaunganisha, nikawasha. Namba ikatokea: sentimita kumi na tano, maji ya kwenye kifundo cha mguu. Ikatulia tuli. Pampu ilikuwa inanguruma tangu alfajiri, hivyo sikushangaa. Nilitaka kuwahi basi la kurudi.

"Imepona, mama. Mtu anaweza kushuka."

Mdogo wake wa kiume alikuwa ameshajifunga kamba kiunoni. Lakini mama aliinama akaokota jiwe. Pale hashuki mtu kabla jiwe halijatangulia.

"Si namba mnaiona?" nikasema kwa hasira.

"Usichukie, fundi. Ni desturi yetu tu."

Akaliachia. Hatukusubiri sana. Chubwi, sauti nzito ya maji mengi. Maji yalikuwa yameishinda pampu, na kioo bado kinasema kumi na tano.

Niliona aibu. Nyaya zile huongea kwa kushusha umeme karibu na sifuri. Chipu ya aina ile yenyewe ikituma haishuki hadi chini kabisa, lakini haimsikii mwenzake mpaka ashuke chini kabisa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Zile mbili kila moja ilimngoja mwenzake ainame. Niliijaribu kila moja peke yake, sikuwahi kuzikutanisha. Na kioo nilikipanga mimi mwenyewe kwamba ujumbe usipofika, kishikilie namba ya mwisho, hata kikizimwa na kuwashwa tena. Utulivu ule nilioufurahia ulikuwa ukimya.

Mama hakunigombeza. Alikisogelea kioo.

"Sasa haya ni maji ya lini, fundi?"

"Ya jana, mama."

Mdogo wake akaanza kufungua kamba kiunoni, taratibu, bila kunitazama.