Nilimwambia Daktari Kwamba ni Chale

Nilikubali kunyamaza. Hilo ndilo kosa langu, na ninaliandika mbele kabisa ili wewe unayesoma usije ukafikiri ninatafuta mtu mwingine wa kumtwika. Binti yangu aliniomba nitunze siri ya tumbo lake, nami nikasema ndiyo. Ningesema hapana siku ile, leo nisingekuwa naandika.

Nitamwita Feza, ingawa si jina lake. Mimi ni mzee wa Kasongo, mkulima wa mpunga. Nilimaliza sekondari kwa mapadri, na tangu hapo sijaacha kusoma. Kwa hiyo siwezi hata kujificha nyuma ya ujinga. Nilichoelezwa nilikielewa.

Feza aliolewa Wamaza, upande wa Kabambare, na mfanyabiashara wa dhahabu aliyetoka Kivu. Walipata watoto wawili. Baada ya mtoto wa pili alianza kunenepa, na unene ule haukusimama. Mumewe alifurahi. Kwao na kwetu, mke mnene anaonyesha kwamba nyumbani kunaliwa. Rafiki zake walimtania, "Weye dhahabu yako hauiweke mu kabati, unaivalisha kitenge." Naye alicheka, akajivuna.

Lakini mimi nilikuwa nimeona mwisho wa unene wa namna ile. Mama yake Feza alikufa kwa ugonjwa wa sukari, Feza akiwa ameshaolewa. Walianza kumkata kidole cha mguu, kisha mguu wenyewe, kisha tukamzika. Feza alipokuja kunieleza kwamba naye amepatikana na sukari, kwamba magoti hayambebi tena, kwamba analala ameketi kwa sababu akijinyoosha pumzi inakatika, niliona mama yake anaanza kuugua mara ya pili.

"Papa," akaniambia, "iko dawa. Si ya kunywa. Wanapasua."

Kaka yake anafanya kazi nje ya nchi. Feza alipomtembelea, alimpeleka kwa madaktari wa huko. Walimpima, wakamwambia kwamba kwa uzito ule na sukari ile, kujinyima chakula peke yake hakutatosha. Wanaweza kupunguza mfuko wa chakula tumboni, ukabaki mwembamba kama ndizi. Atashiba kwa vijiko vichache, na sukari itashuka.

"Bwana yako anasema nini?" nikamuuliza.

"Hajue. Na hatajua."

"Juu ya nini?"

"Papa, weye unamujua mama yake. Akisikia nimepasuliwa tumbo, atasema siwezi kuzaa tena. Watamuletea muke mwengine hata kabla sijapona. Tutasema nilienda kutibisha magoti. Ni weye na kaka tu ndio mutajua. Unakubali?"

Nilikubali. Kusema kweli, nilifurahi pia. Tangu mama yake afe hakuna mtu aliyekuwa ameniamini na jambo zito kama lile. Nilijiona baba wa maana.

Nataka nieleweke hapa. Sijutii upasuaji. Alikaa miezi mingi kwa kaka yake, na aliporudi Kasongo alishuka kwenye pikipiki bila kushikwa na mtu. Yule kijana wa pikipiki, aliyemjua tangu zamani, akamwambia, "Mama, zamani nilikuwa naomba pine ya pikipiki isipasuke. Leo naomba upepo usikubebe." Feza alicheka mpaka akakaa chini. Sukari ilikuwa imeshuka. Alikwenda sokoni kwa miguu na kurudi kwa miguu. Usiku alilala amejinyoosha kama watu wengine. Ile dawa ilifanya kazi yake. Aliyeiharibu ni mimi.

Kabla hajarudi kwa mumewe alikaa nami, akanieleza masharti. Anakula kidogo kidogo, anatafuna mpaka chakula kiwe kama uji. Hanywi maji huku anakula. Vitamini anameza kila siku, maisha yake yote. Kisha akaongeza haya:

"Papa, nikianza kutapika na isikome, hapo siri imekwisha. Usiogope mutu. Uambie dokta kwamba nilipasuliwa tumbo. Kwanza wanipige sindano ya vitamini, kisha ndio serumu, ile maji ya mushipani. Serumu ya sukari ikitangulia inaweza kuniharibu kichwa. Umesikia?"

"Nimesikia, mama," nikamjibu. Huwa ninamuita mama, kwa kuwa alipewa jina la mama yangu mzazi.

Nilisikia. Hakuna neno hata moja lililonipita.

Na palepale nikafanya ubaya wa kwanza. Alipokuwa anafunga mizigo niliona zile chupa za vitamini, kubwa, zenye maandishi ya kigeni. Nikamwambia aziache kwangu. "Watu wamekuona umekonda. Wakikuona tena na vidonge vya kila siku, watasema ni ukimwi." Alisita. Halafu akafunga vidonge vichache katika kipande cha kitambaa, chupa zikabaki kwangu. Niliahidi kumtumia vingine. Mvua ikaharibu barabara, kila aliyekuwa anakwenda huko akawa na mzigo wake, nami sikutuma.

Nilimsindikiza mwenyewe mpaka Wamaza, kama inavyotakiwa baba amrudishe binti aliyekaa mbali muda mrefu. Mama wa mumewe alikuwa amepika bugali, sombe ya majani ya muhogo, nyama ya mbuzi, na wali uliokolea mawese. Alimzunguka Feza akimtazama mbele na nyuma.

"Feza, ni weye huyu? Kaka yako alikuwa anakula peke yake?"

Watu wakacheka, na Feza naye akacheka. Alikula vijiko vichache, akaisogeza sahani polepole.

Mama mkwe wake akaacha kucheka. "Chakula yangu iko na nini?"

"Haina kitu, mama. Nimeshiba."

"Umeshiba. Mutu anatoka safari ya vile, anashiba na vijiko mbili. Ao unafikiri nimetia kitu ndani?"

Kila mtu wa kwetu anajua maneno yale yanaelekea wapi. Kukataa chakula cha mama mkwe mbele ya watu ni kumwita mrozi, yaani mchawi. Mumewe akamtazama Feza, wazee wakanitazama mimi. Ningeweza kusema kwamba binti yangu amepasuliwa, hawezi kula zaidi. Lingeisha pale. Nikasema, "Kula, mama. Kula chakula ya mama yako."

Akala. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, naye anameza. Kisha akainuka, akatoka, nikamsikia akitapika nyuma ya jiko. Kesho yake nilirudi Kasongo nikijiambia kwamba itapita.

Haikupita. Katika nyumba ile kila siku alitakiwa kula kama watu wote, na kila siku alitapika. Kwanza wakasema ni mimba. Wakasema ni malaria. Halafu ikaanza kusemwa kwamba tumewarudishia mgonjwa. Majuma yakaisha, akafika mahali hata maji hayakai. Mumewe akamleta hospitali huku Kasongo, amebanwa kati yake na dereva wa pikipiki, kichwa kimelegea begani. Mama mkwe akafuata na pikipiki nyingine.

Nilipofika mlangoni, mama yule alinipokea mbele ya wagonjwa wote: "Mukwe, tulikupa mutu muzima, ukaturudishia mufupa."

Nikaingia ndani na aibu ile imenijaa.

Daktari alikuwa kijana mwenye adabu, na aliuliza kila kitu. Anatapika tangu lini. Anakula nini. Amewahi kupasuliwa? Mumewe akajibu hapana. Hakudanganya, maana hakujua. Daktari akafunua kitenge, akaona alama ndogo ndogo tumboni, kila moja kama punje ya mahindi. Upasuaji ule hauachi kovu refu. Wanapitia katika matundu.

"Na hizi ni nini?"

Mama mkwe akasogea aone. Feza aliinua mkono kidogo upande wangu. Hakuwa na nguvu ya kusema, lakini alinijua, na alikuwa ananingoja.

Nikasema, "Ni chale, Dokta. Bibi yake alimuchanja angali mutoto."

"Zinaonekana mupya, Muzee."

"Ngozi yake ndivyo iko."

Feza akaushusha mkono.

Wakatundika serumu. Nilisogea nikaisoma chupa, kwa kuwa Kifaransa ninakisoma vizuri. Ilikuwa ya sukari. Niliisoma, nikarudi kwenye kiti, nikakaa. Jambo hili sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata padri. Nilisoma, nikakaa.

Kesho yake macho yake yalianza kwenda upande na kurudi, upande na kurudi, bila kutulia. Alipotaka kusimama alipepesuka kama mlevi. Akaanza kumuita mama yake. Mama mkwe akasema ni mashetani, wakaleta watu wa maombi. Wote wakapiga magoti kuzunguka kitanda, nami nikapiga magoti pamoja nao. Nilimwomba Mungu amponye, wakati dawa yake ilikuwa mdomoni mwangu.

Nilipomuita akanitazama, akaniuliza kama mpunga umeshavunwa, ule mpunga wa zamani, wa wakati hajaolewa. Hapo ndipo nilipoinuka. Nilimfuata daktari uani, nikamwambia yote.

Aligeuka akanitazama. "Muzee, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Nilikuuliza ile alama ni ya nini."

Hakuendelea. Aliondoka mbio. Sindano za ile vitamini zilipatikana kwenye duka la dawa karibu na soko, umbali ambao mtu anakwenda na kurudi chai ikiwa bado ya moto. Zilikuwa zimekaa pale muda wote ule. Wakampiga sindano, na baada ya siku chache macho yakatulia. Nikalia kwa furaha, nikidhani tumeshinda. Lakini daktari aliniambia nisitegemee sana. Kilichoharibika kichwani hakirudi chote, alisema, na pengine hakitarudi hata nusu.

Nilikwenda kwa mumewe, nikamwambia mwenyewe. Nilitaka anipige. Alikuwa amekaa kwenye benchi la hospitali, kofia magotini. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Papa," akasema, "ningekasirika. Labda mwezi muzima. Ningekutukana weye na yeye na kaka yake. Mama yangu angepiga kelele mpaka Wamaza yote isikie, halafu angechoka. Watu wanachokaka. Kumbe ni hiyo tu ndio ulikuwa unaogopa?"

Ndiyo, ni hiyo tu. Niliogopa kelele za mama mmoja na hasira ya mwezi mmoja.

Wewe unayesoma, kama mtu wako amepasuliwa tumbo kwa ajili ya unene, au ana ugonjwa wowote unaofichwa, siri yake itunze sokoni, itunze kanisani na msikitini, itunze kwa wakwe ukiweza. Ikifika kwenye kitanda cha hospitali, iseme. Kama wakwe wamejaa chumbani, waombe watoke. Wakikataa, iseme mbele yao. Daktari hana namna ya kutibu tumbo ambalo umemdanganya juu yake. Na usifiche dawa za mtu ili watu wasiseme. Watasema tu. Kwangu walisema, na bado wanasema.

Feza anakaa kwangu sasa. Hatembei bila kushikwa. Asubuhi ananiuliza, "Papa, mama iko wapi?" Mwanzoni nilimwambia ukweli, naye alilia kila mara kama mtu anayepata habari ya msiba leo. Sasa ninamjibu kwamba mama yake ameenda shamba. Ndiyo, bado ninadanganya.

Mumewe alileta watoto wamuone. Feza aliwatazama kwa upole, akaniuliza ni watoto wa nani. Mkubwa alikimbilia nje. Tangu siku ile hawajaletwa tena, na baba yao ameoa mwanamke mwingine. Simlaumu.

Kunyamaza kwangu kulimfutia binti yangu kumbukumbu zote, kuanzia siku aliyoolewa hadi leo. Hajui kwamba alizaa. Wajukuu wangu wawili wanakua Wamaza bila mama, na mama yao yuko hai, ameketi nyumbani kwangu. Mimi ndiye niliyewafanyia hivyo.