Foleni ya Jumapili kwa Dokta Gracieuse

Misa ya Jumapili imekwisha, na ua wa mjomba mtaani Lumumba, Bunia, umejaa wagonjwa. Mwenye kikohozi yuko mbele, mwenye mgongo anafuata. Nyuma yao, majirani wanaapa, kuna mbuzi mwenye tumbo lililovimba, anayengoja zamu kwa adabu kuliko binadamu wote.

Anayengojwa ni Gracieuse, mpwa wa mwenye ua huo, mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tatu. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu. Siku alipoandikishwa tu, ndugu walimpa udokta papo hapo.

"Sijue kutibu bado," huwaambia.

"Dokta, usijifiche!" anamkatiza shangazi Annie. "Ni siye tulikusomesha. Angalia hii kidole."

Wasichokijua ni kwamba tangu mvua za kwanza Gracieuse halali. Chakula hakipiti. Mitihani miwili imempita akiwa kitandani, macho kwenye mabati.

"Papa aliuzisha ng'ombe sababu yangu," anasimulia. "Ningemuambia nini? Moyo imechoka?"

Jumapili moja baba huyo, Tharcisse, mfugaji wa Bogoro, alipanga foleni mwenyewe kwa ajili ya goti lake. Gracieuse akalishika, akauliza kama alivyofundishwa: unalala? Unakula? Mzee akajibu ndiyo, tena sana. Binti akaangua kilio.

Mzee akaona siku zake zimefika: dokta akilia, mgonjwa ana nini tena? Akavua kofia, akaanza kugawa urithi.

"Ng'ombe nyeusi ni ya ndugu yako Léon. Ile ya pembe moja, mupatie mama yenu..."

"Papa, acha! Weye haufe. Mugonjwa ni miye."

"Weye? Na goti?"

"Goti ni uzee tu, papa!"

Tharcisse akarudisha kofia kichwani, akaugeukia umati. "Murudi kwenu. Leo dokta iko mugonjwa. Nani alisema dokta hawezi kugua?"

Sasa Gracieuse anatibiwa na mtaalamu wa afya ya akili, naye atarudia mitihani yake. Anapanga kuwakusanya wanafunzi wenzake ambao, kama yeye, ni wa kwanza kusoma kwao.

"Sitawaambia wajikaze, hiyo tulishaambiwa nyumbani," anasema. "Nitaanza na papa akigawa ng'ombe. Wakimaliza kucheka, kila mutu ataanza kusema ya kwake."