Sala Niliyomwombea Mama Wodini

Utumbo wa mama ulikuwa umejisokota. Daktari wa Arua alisema lazima apasuliwe asubuhi hiyo hiyo; tukingoja mpaka jioni tutampoteza. Karatasi ya kukubali ilikuwa juu ya shuka, kalamu juu yake, na mama hakuigusa. Dada yake aliingia chumba kile kile cha upasuaji mwaka juzi, akatoka amefunikwa uso.

"Mutu aniombee kwanza," alisema. Alizaliwa upande wa Congo, na akiogopa, Kiswahili chake hurudi huko.

Mchungaji wetu alikuwa njiani kutoka Koboko. Pikipiki ilikuwa imemharibikia, na sasa simu yake haikupatikana.

"Mama, machela iko hapa," nesi alisema. "Daktari anangoja."

"Nimesema aniombee."

Kwenye kitanda cha pili alilala Mnubi mzee, tasbihi mkononi. Wodi nzima tulimwita habuba, yaani bibi. Akaninyooshea kidole. "Huyu mutoto iko na mudomo kubwa. Tangu jana anachezea watu. Aombe yeye."

"Huyu?" mama alisema. "Huyu anajua kuiga mchungaji tu."

Kweli. Shuleni ndiyo kazi yangu: nakohoa kama yeye, nafuta jasho ambalo halipo, navuta "Haleluuuya" mpaka darasa linashika mbavu. Lakini mama alikuwa amenyoosha mkono. Nikaushika. Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Nilifungua mdomo nitoe ile sauti ya mchungaji. Haikuja. Ikatoka yangu, nyembamba kama ya mwanambuzi, nayo ilijua sala moja tu, ya mezani.

"Baba, asante kwa chakula hiki. Bariki mikono iliyokitayarisha..."

Nikasikia ninachosema. Nikaona kuacha katikati ni vibaya zaidi.

"...na uwape wale ambao hawana. Amina."

"Yarabi!" habuba alisema. "Amekwisha pika mama yake!"

Mama akacheka. Kicheko kilimuuma, akashika tumbo, machozi yakamtoka, akacheka tena. Kisha akatulia, midomo ikicheza. Niliinama kusikia. "Bariki mikono," alikuwa anasema. "Mikono ya daktari, Bwana. Bariki."

Akachukua kalamu.

Mlango wa chumba cha upasuaji ulipofungwa niliegemea ukuta. Sikuwa na utani hata mmoja. Nikasema moyoni, Yesu, mtumishi wako nilimchezea mimi, si mama. Nichape mimi. Nikarudia hivyo hivyo, bila mpangilio, muda mrefu mno, huku kila kiatu kilichopita kikinishtua.

Nesi akatoka, akashusha barakoa. Uso wake haukusema kitu.

"Iko hai," alisema. "Amefungua macho."

Nikaanza pambio pale pale kwenye korido. Nesi akasema atanifukuza. Akanifukuza. Nikaendelea nje, na wanawake waliokuwa wanafulia wagonjwa wao wakaitikia, mikono ikiwa bado ndani ya povu.