Mnyama Katika Basi Mbaya

Asubuhi kaka yangu alipiga simu kutoka kwake Hadado akasema anaanza safari, na gari la kumbebea baba ameshalipata. Baba alikuwa na wiki mbili tu tangu atoke hospitalini, ulimi mzito, mkono wa kulia haumtii. Tulikuwa tumekubaliana hivi: kaka akimkuta ana akili zake, atabaki nyumbani kwake hapa Galbet nami nimtunze. Akimkuta amepotea, anahamishwa Hadado siku hiyohiyo. Baba mwenyewe hakuna aliyemuuliza.

Mimi si mtu wa subira. Gazeti lilipofika na basi la Nairobi nililinyakua, nikafungua ukurasa wa fumbo la maneno, nikaketi naye mkekani. Nyumbani tunasema Kisomali. Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya ofisi yake na ya mraba huu, tuliokuwa tukiujaza pamoja tangu nikiwa darasa la sita. Alikuwa na sheria moja: jibu lisilo na sababu haliandikwi. Nimewahi kununa siku nzima kwa ajili ya sheria hiyo, na jibu langu lilikuwa sahihi.

Nilimsomea: "Mnyama mkali yumo katika basi mbaya. Herufi tano."

Mimi nililiona papo hapo. Chukua mwisho wa basi na mwanzo wa mbaya, uviunganishe, simba huyo hapo; ndiyo maana mtungaji hakuandika basi baya. Zamani mafumbo kama hayo aliyamaliza chai ikiwa bado moto.

Nje, kila gari lililopunguza mwendo lilinishtua. Mwishowe baba akasema, "Nyati."

Herufi tano kweli, lakini nyati hayumo katika basi lile. Niliogopa vibaya sana. Nikamwambia, "Vizuri sana," kwa sauti ile tunayowasifia nayo watoto wachanga, nikaandika nyati kwa wino. Sikuuliza kitu.

Kisha nikasoma la kwenda chini, lililoanzia kwenye herufi ya tatu ya nyati: husukwa, hutandikwa, hukaliwa, herufi tano. Mkono wake wa kushoto ulipapasa pale tulipoketi. Halafu kidole kikapanda ukurasani polepole, kikasimama juu ya ile a.

"Mkeka," akasema. "Hii si a. Ni m."

Akarudi kwenye basi lile, midomo ikicheza bila sauti.

"Simba," akasema. "Si, ya basi. Mba, ya mbaya."

Machozi yalinitoka kwa furaha. Yeye hakutabasamu. Alinitazama kama alivyonitazama nilipokuwa nikidanganya utotoni.

"Wewe ulijua."

Nikakubali kwamba nilijua.

"Kwa nini hukuniuliza sababu, aabo?"

Kwetu baba humwita mwanawe aabo, yaani baba, kama mwana anavyomwita yeye. Niliona haya, maana moyoni nilikuwa nimeshampakia garini kabla kaka hajafika.

Kaka aliingia baada ya alasiri, vumbi hadi kwenye nyusi. Alimsalimu baba, akampa mkono, kisha akanigeukia mimi na kuniuliza kama mzee ataweza kukaa hapa.

"Muulize yeye," nikamwambia. "Na akikujibu, umuulize sababu."