Mtungi wa Bi Mwanahija

Marehemu Bi Mwanahija, mfinyanzi wa Makurunge, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa na utundu usiozeeka. Mwaka 1954 mwalimu Mzungu alifika Bagamoyo kuchagua vyungu vya maonyesho ya sanaa Dar es Salaam. Bibi alitamani sana mtungi wake uende, lakini mwalimu aliukataa. Mtungi alioufinyanga mwalimu mwenyewe, akaupaka rangi ya kung'arisha, uling'aa kama dhahabu, ndani na nje.

"Bibi, wako haung'ai. Siku hizi vyungu ni vya kutazamwa."

"Haya, bwana mwalimu. Basi nikuwekee maji, jua kali hili."

Akaijaza mitungi yote miwili maji ya kisima kimoja, kisha akaketi kivulini kuvuta uradi, tasbihi mkononi, jicho moja kwa mwalimu. Adhuhuri mwalimu akachota kwa kata ya kifuu kwenye mtungi wake. Maji vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto. Akachota kwenye ule uliokataliwa, uliokuwa ukitoka jasho, akanywa kata tatu mfululizo.

"Umetia nini humu?"

"Bismillahi tu," akajibu Bibi, uso mkavu. "Wako umeuziba vinyweleo kwa rangi, bwana. Utapoaje?"

Mtungi wa Bibi ukaenda Dar es Salaam na kata yake, umejaa maji. Watu wakapanga foleni kunywa, na ule wa rangi ya dhahabu ukatazamwa na mwalimu mwenyewe tu.