Kwaya iliyoasi ilivyorudi kanisani na kitenge chake, harusi yangu ikiwa mlangoni

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hiki ninachowaletea kilinitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Anayetaka kucheka acheke, mimi siku ile sikucheka.

Mimi ni Mkenya. Nilikuja Kampala kuuza vipuri vya magari pale Nakawa, miaka ile ndugu zetu wa Kongo walipoanza kujaa mjini wakikimbia vita kwao. Jumapili nilikuwa nasali nao Kasubi, kwenye kanisa la mabati, kwa sababu ibada yao ilikuwa ya Kiswahili na kwaya yao ilikuwa moto.

Kwenye kwaya hiyo nikampata Riziki, binti wa Bukavu, sauti ya kwanza. Nikaposa, kwao wakakubali, tarehe ikapangwa.

Kisha kwaya ikaasi.

Chanzo cha kipuuzi kabisa. Mchungaji aliwakatalia kurekodi kaseti mpaka wazee wasikilize nyimbo kwanza. Wakapandisha mori. Wakamwita Farao mbele ya watu, wakayavua majoho ya kanisa wakayatupa kwenye benchi, wakabeba na kinanda, wakaenda kufungua kanisa lao upande wa Mulago.

Riziki alikuwa mstari wa mbele. Mke wangu ana kichwa kigumu, na akisoma hapa ajue nimesema.

Wazee wakawatenga wote. Na kanisa lile halimfungishi ndoa mtu aliyetengwa. Wazazi wake nao wakasema binti yao hatoki nyumbani bila baraka za kanisa. Nikabaki na suti yangu na presha.

Huko walikokwenda hawakudumu. Kuimba walijua, ila hapakuwa na wa kuhubiri wala wa kuombea mgonjwa, na kila mtu alitaka kuwa kiongozi. Riziki akaniambia wamekubaliana kurudi kuomba toba. Nikashukuru Mungu mapema mno.

Jumapili hiyo wakaingia wote kwa pamoja, ibada ikiendelea, wamevaa sare ya kitenge cha kijani. Ile ile waliyoshona walipojitenga.

Hapa niwaeleze kidogo. Kwa Wakongo, kundi likienda mahali kwa heshima linavaa kitenge kimoja. Harusini, msibani, kupokea mgeni, ni hivyo. Wao walidhani wanaliheshimu kanisa. Waliokuwa ndani waliona bendera ya waasi inaingia hadi madhabahuni.

Papa Safari, mzee wa kanisa, akasimama amefura, akafoka kwa Kiswahili cha kwao Kongo.

"Bamekuya kutucheka! Batoke inje, bavue ile kitenge!"

Watu wakaitikia kwa kelele. Riziki akaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, na mimi nikaiona harusi yangu inatoka naye.

Mchungaji, yule yule aliyeitwa Farao, akashuka akasimama katikati ya wanakwaya. Hakupandisha sauti.

"Papa Safari, bale bantu ba mu jangwa baliasi. Balitengeneza ndama, bakasema njo mungu wabo. Mungu akaendelea kubapa mana, na manguo yabo haikuzeeka. Alibachungia ata manguo, bakiwa bakaidi. Sasa siye tubavue?"

Wakuu, mimi nimelelewa kanisani. Ndama nilimjua, mana niliijua. Habari ya nguo sikuwahi kuitilia maanani. Wana wa Israeli wanamuudhi Mungu safari nzima, na Yeye anahakikisha hawatembei na matambara!

Papa Safari akatembea mpaka mlangoni, mzee wa watu, machozi yanamtoka. Akamshika Riziki mkono.

"Binti yangu, rudia ku nafasi yako."

Wakapanga mistari yao. Riziki alijaribu kuanzisha wimbo akashindwa kwa kilio, kanisa zima likaanzisha kwa niaba yake. Mimi nilipumua kama mtu aliyetua gunia.

Toba yenyewe waliifanya baadaye, wakiwa wameshakaa kwenye viti vyao. Wengine waliomba vizuri, wengine waliomba huku bado wanajitetea, maana binadamu ni yule yule. Wazee wakawaondolea adhabu ya kutengwa, kinanda nacho kikarudi. Ndoa ikafungwa kwa tarehe yake, na Papa Safari alicheza kuliko bwana harusi.

Nilichojifunza ni hiki. Nilidhani mtu hutubu kwanza ndipo ahurumiwe. Kumbe wale wa jangwani walilishwa midomo yao ikiwa bado inanung'unika. Hilo linanipa amani mpaka leo, kwa sababu na mimi sijui nitamaliza lini kunung'unika.

Karibuni wakuu. Kuna aliyewahi kurudi mahali na maneno yake ya kuomba msamaha ameyapanga vizuri, akakumbatiwa kabla hajayatoa?